Ranwei niliiona kwa macho yangu, kwa nini rubani alikataa kutua?

#1 MwanaNamanga (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilitoka Dubai kwenda Nairobi, usiku kucha angani. Mpango ulikuwa nifike alfajiri, nidake gari la Namanga, niingie Arusha kabla ya saa nane mchana. Siku hiyo mdogo wangu wa kike alikuwa anaposwa, na mimi ndiye kaka mkubwa.

Saa 12 na dakika kama 20 asubuhi tukaanza kuzunguka. Nilikaa dirishani, upande wa kulia. Ndege ilipolalia upande wangu niliiona ranwei chini yetu, safu mbili za taa tangu mwanzo hadi mwisho, juu yake ukungu mwembamba kama shuka la chachi. Niliiona, sikuota. Dakika chache baadaye kapteni akatangaza: umbali wa kuona kwenye ranwei ni mita 400, sisi tunahitaji 550, tunakwenda Mombasa.

Kilichoniuma zaidi, kabla ya tangazo hilo niliona ndege nyingine, nyeupe, ndogo kuliko yetu, ikishuka na kuzama kwenye ule ukungu. Haikupanda tena. Ilitua.

Sasa nauliza. Ranwei ya Nairobi ina zaidi ya kilomita nne na mimi niliiona yote. Hizo mita 400 zilitoka wapi? Na mwenzetu alituaje? Rubani wetu alikuwa mwoga, au kuna jambo silijui?

#2 Kijana_wa_Pipeline
Pole sana ndugu. Mimi naishi Pipeline, Embakasi, karibu kabisa na uwanja. Kama ni Jumanne unayosema, asubuhi hiyo nilifungua dirisha nikaona weupe mtupu, hata nguo za jirani kwenye kamba ya jengo la pili hazikuonekana. Kwa hiyo kwetu huku chini hakukuwa na shuka la chachi, kulikuwa na blanketi.

#3 Chai_ya_Maziwa
Ngoja waje wataalamu. Nimevuta kiti.

#4 Ukweli_Mchungu
Mkuu, usizungushwe na namba. Kampuni zinaogopa gharama za kujaribu kutua na kupanda tena, mafuta yanaliwa. Wanaona bora wakupeleke Mombasa moja kwa moja. Marubani wa zamani walikuwa wanatua kwa macho, hawa wa sasa wanasubiri kompyuta iwaruhusu.

#5 Rubani_wa_Nyanda
Mleta mada, pole kwa posa. Narusha ndege za pangaboi, huu mwaka wa tisa. Wacha nijaribu.

Namba aliyoitaja kapteni wako inaitwa RVR. Ni umbali ambao rubani aliye kwenye mstari wa katikati wa ranwei anaweza kuona alama zilizochorwa kwenye lami au taa za ranwei. Shika hayo maneno, aliye kwenye mstari wa katikati. Wewe ulikuwa juu. Vipimo vinasimikwa pembeni mwa ranwei, kimo cha kama mita 2 na nusu, na hesabu inapigwa kwa jicho la rubani lililo kama mita 5 juu ya lami. Viwanja vyenye vifaa kamili vina vipimo sehemu tatu: pale matairi yanapogusa, katikati, na mwisho wa ranwei. Mnara unakusomea kwa mpangilio huo huo.

Sasa sheria. Kwa kutua kwa ILS (mawimbi ya redio yanayoiongoza ndege hadi ranwei) ya Kat I, yaani daraja la kwanza, ile ya kawaida, unaruhusiwa kushuka bila kuona hadi futi 200, na RVR isipungue mita 550. Kat II ni futi 100 na mita 300. Kat III ni chini ya hapo. Kama RVR ya pale pa kugusia iko chini ya kiwango chako, huruhusiwi kushuka chini ya futi 1,000 juu ya kiwanja. Hilo ni katazo, halina ujasiri wala uoga ndani yake. Ila ukishapita futi 1,000 halafu namba ikaanguka, unaweza kuendelea hadi kimo chako cha kuamua. Hapo ukiona taa unatua, usipoona unapanda.

Nairobi iko futi 5,330 hivi juu ya bahari, kwa hiyo futi 1,000 za sheria zinakukuta kipimo cha kimo kikisoma kama 6,330. Kuanzia hapo unamsikiliza mwongoza ndege kwa masikio yote mawili, maana namba moja inabadilisha siku ya abiria wote waliokaa nyuma.

#6 Mwalimu_wa_Fizikia
Naongezea hesabu kwenye #5, maana hapa ndipo lilipo jibu la "niliiona".

Chukua ukungu wenye unene wa mita 30 tu, umelala juu ya ardhi. Mleta mada alipotazama karibu wima chini, jicho lake lilipenya mita 30 za ukungu, na kidogo zaidi kwa kuwa alitazama kwa mshazari. Rubani anayetua hatazami hivyo. Anashuka kwa mteremko wa nyuzi 3. Gawanya 30 kwa sine ya nyuzi 3, unapata kama mita 570. Ukungu ni ule ule, ila yeye anatakiwa kupenya karibu mara ishirini ya ulichopenya wewe. Na akishagusa lami, ukungu wote uko mbele yake, hakuna mahali unapoishia.

Chukua kitambaa cha neti. Kitazame kikiwa kimetandazwa mbele yako, unaona ng'ambo. Sasa kikunje mara ishirini utazame tena.

#7 MwanaNamanga
Mwalimu, hapo umenishika. Nilikuwa nalala na donge, sasa naona. Lakini ile ndege nyeupe bado.

#8 Ukweli_Mchungu
Hata mimi nauliza hiyo nyeupe. Kama ni katazo, ni katazo kwa wote. Au kuna wenye ukungu wao?

#9 Rubani_wa_Nyanda
Sikuwa kwenye chumba chao cha rubani, siwezi kuapa. Ila naona njia kadhaa.

Ya kwanza: huenda ilipita futi 1,000 wakati RVR ikiwa 600, ikaanguka hadi 400 nyuma yake. Hilo ni halali kabisa, na hutokea sana kwa ukungu wa vipandevipande unaosukumwa na upepo mdogo wa alfajiri.

Ya pili: kiwango hakiko sawa kwa kila ndege. Hata ndani ya Kat I, ranwei isipokuwa na taa za katikati na taa za eneo la kugusia, kuna rubani anayetakiwa awe na 750 na kuna anayeruhusiwa 550, kutegemea kama ndege inaongozwa na otopailoti hadi kimo cha kuamua. Rubani akiwa peke yake bila otopailoti kiwango kinapanda hadi 800. Ukienda Kat II na III unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: kiwanja, ndege na marubani wote wameidhinishwa. Kimoja kikikosekana unarudi Kat I.

Ya tatu ni ya wasiwasi, kwamba alitua bila kujali namba. Sitaki kumdhania mtu hivyo.

#10 Mbeya_Texas
Salaam kutoka Texas. #5 yuko sahihi kwa upande wenu, lakini huku Marekani nilikosomea mpaka siyo futi 1,000. Tunahesabu kuanzia pale hatua ya mwisho ya kutua inapoanza, ambapo mara nyingi ni juu zaidi ya hapo. Na hao wanaorusha ndege zao binafsi, siyo za biashara, hawabanwi na katazo hilo. Wanaruhusiwa kwenda hadi kimo cha kuamua wakaone wenyewe. Kama ile nyeupe ilikuwa ndege binafsi ya usajili wa Marekani, labda hapo.

Kat I kwetu ni 1800 kwa ranwei zenye taa kamili.

#11 Kijana_wa_Pipeline
1800?? Na nyinyi ndio wenye vifaa vyote! Sisi 550 nyinyi 1800, nani mwoga sasa 😂

#12 Mbeya_Texas
Ndugu yangu wa Pipeline, ni futi. 1800 ya futi ni mita 550. Huku RVR inatolewa kwa futi, kwenu kwa mita.

#13 Rubani_wa_Nyanda
#10, hilo la ndege binafsi ni la huko kwenu. Ndege ikiwa nchi ya watu inafuata na sheria za nchi hiyo. Kwa hiyo sidhani kama linaitoa ile nyeupe.

#14 Mbeya_Texas
Nimesema labda, mkuu.

#15 Mzee_Kipimajoto
Wanangu, nawasalimu. Nimekuwa mpimaji wa hali ya hewa miaka 31, sasa ni mstaafu, nafuga nyuki. Mmeongea vizuri lakini mmeruka mtu mmoja: anayetoa hiyo namba.

Kabla ya mashine, RVR ilikuwa ni mimi. Kiwanja sikitaji. Saa 11 alfajiri tunakwenda na pikapu hadi mahali palipopigwa rangi pembeni mwa ranwei, napanda nyuma kwenye bodi ili jicho liwe kwenye kimo cha rubani. Taa za ukingo wa ranwei zimeachana mita 60. Nahesabu ninazoziona: moja, mbili, tatu. Kisha nasoma jedwali kwa tochi, nampa mwongoza ndege kwa redio. Asubuhi moja nilihesabu taa saba. Nikainama kwenye jedwali, nikainua redio mdomoni, nikatazama tena kabla ya kubonyeza. Zimebaki nne. Umande unadondoka kwenye kofia yangu na mwongoza ndege anauliza, "Mzee, ngapi? Mzee, ngapi?" Nilimpa nne. Juu yangu nasikia injini za watu wanaosubiri neno langu. Jambo hilo halijanitoka hadi leo.

Sasa marekebisho mawili. Mashine haipimi mita za kuona. Inapima hewa ilivyo wazi au ilivyochafuka kwa matone. RVR inapatikana kwa hesabu ya vitu vitatu: uwazi huo wa hewa, nguvu ya taa za ranwei kama zilivyowashwa wakati huo, na mwanga wa mazingira. Ndiyo maana ukungu ule ule usiku, taa zikiwa zimepandishwa, unaweza kukupa RVR kubwa kuliko umbali wa kuona wa kawaida uliotangazwa. Jua likianza kuchomoza, weupe unazidi, taa zinafifia machoni, namba inashuka hata kama ukungu haujaongezeka tone. Saa 12 na dakika 20 ya mleta mada, Nairobi, ni saa hiyo hiyo.

La pili: ripoti mnayoiona kwenye simu, ile METAR, ina wastani wa dakika 10. Anayosomewa rubani na mnara ni wastani wa dakika 1. Msimhukumu rubani kwa namba ya simu.

#16 Chai_ya_Maziwa
Mzee, heshima yako. Hii #15 nimeisoma mara mbili.

#17 Fundi_wa_Antena
Shikamoo Mzee. Mimi ni wa kizazi kilichokuja na mashine, nimezihudumia. Aina ya zamani ina nguzo mbili zinazotazamana, moja inatupa mwanga, nyingine inapima uliofika. Aina mpya ina mikono miwili kwenye nguzo moja: mmoja unatupa mwanga, mwingine haupo kwenye njia ya mwanga huo, unapokea tu ule uliotawanywa na matone. Matone mengi, mwanga mwingi, namba ndogo.

Adui yangu mkubwa hakuwa ukungu, alikuwa buibui. Anapenda ule mdomo wa kipimo kwa sababu kuna joto kidogo na wadudu wanafuata. Anafunga uzi mbele ya lenzi, umande unashika kwenye uzi, mwanga unatawanyika, mashine inaona ukungu usiokuwepo. Nimewahi kutumwa alfajiri kwenye kiwanja kimoja, cha pale pa kugusia kinasoma 450 na vile viwili vingine vinasoma zaidi ya 2000. Nilifuta kwa kitambaa laini, dakika mbili baadaye 1800. Kwa hiyo tusiondoe uwezekano kwamba 400 ya mleta mada ilikuwa ya sehemu moja tu.

#18 Kijana_wa_Pipeline
Fundi, kule kwangu buibui hawezi kufunika mtaa mzima. Ukungu ulikuwepo, niliuvaa.

#19 Mzee_Kipimajoto
Marahaba Fundi. Kijana wa Pipeline naye ni shahidi mzuri, ila nyumba yake siyo ranwei. Kipimo kiko hatua chache tu kutoka lami, na bado kinaweza kuwa ndani ya kipande cha ukungu wakati mita 300 mbele pako wazi. Sembuse mtaa.

#20 Salma_wa_Sohar
Niko Oman. Huku Ghuba miezi ya baridi, hasa Abu Dhabi na Dubai, ukungu unaingia kama saa 9 usiku na kukata saa 3 asubuhi. Unyevu wa bahari juu ya mchanga uliopoa. Nimeona ndege zinatua bila shida lakini za kuondoka zimepanga foleni. Nadhani wanapendelea zinazoingia.

#21 Mama_Zaituni
#20 umenikumbusha Delhi. Nilimpeleka mama yangu matibabu, tukarudi mwezi wa kwanza. Kwa wasioijua, Delhi ya Desemba na Januari ni ukungu mzito hadi unaonja moshi mdomoni. Tulikaa ndani ya ndege saa tatu na nusu, mlango umefungwa, mama amekaa na nyuzi za upasuaji tumboni. Nikiangalia dirishani naona taa moja ya bluu ya njia ya kupitia ndege na nusu ya taa ya pili. Lakini nasikia ndege zinatua! Kila baada ya muda, ngurumo ya kufunga breki, kisha kimya. Nilimuuliza mhudumu, akasema za kutua zinatua kwa mita 50 na sisi kuruka tunahitaji 125. Nilidhani ananipooza tu. Kutua si ndiko kugumu? Kwa nini kuruka kudai zaidi?

#22 Rubani_wa_Nyanda
Mama Zaituni, pole kwa mama, natumaini yuko salama. Mhudumu alikwambia kweli.

Kutua kwa Kat III B ndege inajiendesha. Otopailoti zaidi ya moja zinafuata mawimbi ya ILS, zinainua pua, zinagusisha matairi, na kwenye ndege zenye uwezo huo zinaendelea kuishikilia katikati ya ranwei hadi ipungue mwendo. Hizo mita 50 hasa ni za kumwezesha rubani kuona pa kutokea. Kuruka hakuna otopailoti inayoshika usukani kwenye lami. Ni mikono na macho. Unaongeza nguvu, unafuata taa za katikati, na injini moja ikifa kwenye mwendo wa noti 130 (kama kilomita 240 kwa saa) ndege inavutwa pembeni, wewe unairudisha kwa kuona taa tu. Ukiona mita 125, na taa za katikati zimeachana mita 15, una kama taa nane mbele yako. Kwa mwendo huo taa nane zinaisha ndani ya sekunde mbili.

Na kuna jingine. Ukiruka katika hali ambayo huwezi kurudi kutua pale pale, lazima uwe na kiwanja kingine cha kukimbilia kilicho karibu. Delhi ikifunikwa, na jirani zake wengi wanafunikwa.

#23 Fundi_wa_Antena
Naweka neno. Foleni siyo ya kupendelea, #20. Uoni ukishuka, mnara unaanzisha utaratibu maalumu. Hakuna gari wala ndege inayoruhusiwa kukaa karibu na antena za ILS, maana bati la ndege linapindisha mawimbi na yule anayejiendesha angani anapinda nayo. Ndege za kuondoka zinasimamishwa nyuma zaidi ya kawaida, kwenye mstari wa taa nyekundu. Nafasi kati ya zinazotua inaongezwa. Ndiyo maana kila kitu kinakwenda mwendo wa kobe hata kwenye viwanja vyenye mashine za gharama kubwa.

#24 Ukweli_Mchungu
Sawa, nimeanza kulainika. Lakini kwenye ripoti ya Nairobi niliyoitazama kwenye simu wakati mwingine naona umbali wa kuona tu, hakuna RVR, ile inayoandikwa kwa R na mkwaju. Je, RVR isipotolewa rubani anafanyaje? Anakisia?

#25 Rubani_wa_Nyanda
Swali zuri kuliko yote uliyouliza. Hakisii. Kwanza, RVR huandikwa kwenye ripoti pale uoni wa kawaida au RVR yenyewe inaposhuka chini ya mita 1,500. Kukiwa kweupe huioni. Ikiandikwa utaona kitu kama R06/0400N: ranwei 06, mita 400, N haibadiliki. Ikiwa D inashuka, U inapanda. Kuna M na P pia, chini ya au zaidi ya uwezo wa mashine.

Pale pasipo na RVR kabisa, kanuni za Ulaya ambazo kampuni nyingi hufuata zinaruhusu kuzidisha uoni wa kawaida: mchana mara 1.5 kama kuna taa kali, usiku mara 2. Lakini hesabu hiyo imefungwa. Huruhusiwi kuitumia kuruka, wala pale unapotaka kiwango kilicho chini ya mita 800.

#26 Mwalimu_wa_Fizikia
Basi hapo kuna swali kwa mleta mada. Kapteni alisema "kwenye ranwei mita 400", au alisema umbali wa kuona tu? Kama ni wa kawaida, maelezo yetu nusu yanabadilika.

#27 MwanaNamanga
Alisema kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa na hasira. Nakumbuka 400 na 550. Neno ranwei nina hakika lilikuwepo. Karibu hakika.

#28 Nahodha_wa_Lamu
Nyinyi watu wa hewani mna raha, mna namba. Sisi kwenye jahazi ukungu ukishuka tunapunguza mwendo, mmoja anakaa omoni na masikio, tunapiga kengele. Marehemu baba alikuwa anasema ukungu wa baharini unanuka kabla hujauona, na kweli una harufu kama chuma kilicholowa. Hakuna wa kukwambia una mita 400.

Ila nauliza. Si angeomba tu kutua kwa macho? Ranwei iko pale chini, kila mtu anaiona.

#29 Rubani_wa_Nyanda
Nahodha, kutua kwa macho kwa ndege za abiria nako kuna kiwango, RVR isiwe chini ya mita 800. Sababu ni mtego ule ule. Ukungu mfupi unaonekana rafiki ukiwa juu. Unakuja na picha nzima ya ranwei, futi 300 unaiona, futi 200 unaiona, futi 80 unazama na picha inakatika nusu. Ghafla taa za mbali zinapotea na zinabaki za karibu tu, na ubongo unatafsiri kwamba pua ya ndege imeinuka. Mkono unataka kuisukuma chini. Kwa futi 80. Mwalimu wangu alinifanyia hilo kwenye simuleta mara tatu mfululizo, na mara ya kwanza nilisukuma.

#30 Kisa_cha_Kale
Wakuu, tusisahau Tenerife 1979, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye ranwei kwa ajili ya ukungu huu huu.

#31 Mzee_Kipimajoto
Ni 1977, mwanangu, tarehe 27 Machi. Watu 583. Na haukuwa ukungu wa ardhini, yalikuwa mawingu. Kiwanja cha Los Rodeos, hapo Tenerife, kiko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, mawingu yanapita juu ya lami kama moshi wa shamba. Dakika moja unaona mbali, dakika inayofuata huoni bawa lako. Mfano wa ukungu hasa ni Linate, Milano, 8 Oktoba 2001. Ndege ya abiria ikiwa inaruka iligonga ndege ndogo iliyopotea njia ikaingia kwenye ranwei. Watu 118. Rada ya kuona ardhini haikuwa ikifanya kazi.

#32 Kisa_cha_Kale
Asante kwa kunisahihisha, Mzee. Na ile ya Bukoba?

#33 Rubani_wa_Nyanda
Bukoba, 6 Novemba 2022, tulipoteza watu 19. Ile ilikuwa mvua na hali mbaya ya hewa juu ya ziwa, siyo habari ya RVR na ukungu. Naomba tusiichanganye humu, kuna wenye ndugu zao wanasoma.

#34 Salma_wa_Sohar
Mungu awarehemu.

#35 Chai_ya_Maziwa
Mleta mada, mimi bado nina swali moja tu la msingi. Posa iliishaje?

#36 MwanaNamanga
Haha. Mombasa tulikaa ndani ya ndege saa tatu, Nairobi tukatua saa 5 na nusu, Namanga foleni. Niliingia Arusha saa 1 usiku. Wageni wameshaondoka, mahari imeshapangwa, na mjomba aliyeshika nafasi yangu alikubali ng'ombe wachache kuliko tulivyokubaliana kwenye simu. Mdogo wangu anafurahi, basi. Wamenibakizia pilau.

#37 Ukweli_Mchungu
Kumbe ukungu umekula ng'ombe! Pole kaka.

#38 Fundi_wa_Antena
Kabla uzi haujaenda kwenye ng'ombe. MwanaNamanga, ile nyeupe, ilishuka kutokea upande gani? Jua lilikuwa mbele yake au nyuma yake? Ikiwa ilitumia ranwei kwa upande wa pili, kipimo chake cha pa kugusia ni kile ambacho kwenu ni cha mwisho. Namba tatu za asubuhi moja zinaweza kupishana sana.

#39 MwanaNamanga
Jua lilikuwa linachomoza. Ndege ilikuwa... naona kama ilikuwa inaenda kwenye mwanga. Lakini sisi tulikuwa tunazunguka, siwezi kuapa.

#40 Rubani_wa_Nyanda
Ikiwa ilikwenda kwenye mwanga, yaani mashariki, basi ni ranwei 06, upande ule ule mliokuwa mnausubiri. Nadharia ya Fundi inakufa, yangu ya kwanza inapata uhai.

#41 Fundi_wa_Antena
Haijafa. Amesema hawezi kuapa.

#42 Kijana_wa_Pipeline
Wazee, leo tena! Saa hizi saa 12 asubuhi nimepanda juu ya paa, ukungu umejaa. Nimehesabu taa za barabarani za Outer Ring kama Mzee alivyofundisha. Naona nne na ya tano inakuja na kupotea. RVR yangu ni ngapi?

#43 Mzee_Kipimajoto
Umefanya vizuri, lakini uko juu ya paa, unatazama kwa mshazari. Shuka. Simama barabarani pembeni kabisa, salama, uhesabu upya ukiwa usawa wa taa ya kwanza. Halafu uniambie zimeachana hatua ngapi.

#44 Kijana_wa_Pipeline
Nimeshuka. Huku chini naona tatu tu, Mzee. Napima hatua sasa hivi.